Mshono wa Kushoto

Yaarub alikuja kubisha mlango wa Awadh mwaka wa tisini na saba. La, hapana, tisini na tisa. Tisini na saba udongo wa kaburi la Nasr ulikuwa haujakaa sawa, na Yaarub angethubutu kubisha mlango ule mwaka ule asingerudi kwao na meno yake. Tisini na tisa basi, mwezi wa sita, tende zimeanza kupiga rangi na lami ya Azaiba, kule Maskati, inanata kwenye viatu.

Awadh alikuwa mkwezi. Alizaliwa Pemba, akajifunza kukwea minazi kabla ya kujifunza kufunga msuli, na alipoletwa Maskati na wazee wake akiwa kijana wa miaka ishirini, akiambiwa kila siku kuwa amerudi kwao, kitu cha pekee alichokijua katika nchi hii kilikuwa mti. Wenziwe waliosoma walipata ofisi. Yeye akapata mitende. Mwembamba kama ufito, kilo hamsini na sita, na nyayo zake ngumu hata msumari ulikuwa ukiona haya kuzichoma.

Mtende haukwewi kama mnazi. Waarabu wana kamba yao wanayoiita habuli: mkanda mpana wa kuegemeza mgongo, umesukwa kwa nyuzi za mtende wenyewe, na kamba nene inayozunguka shina. Mtu anaegemea nyuma, anapanda hatua, anajivuta mbele, anairusha kamba juu, anaegemea tena. Kitu kizuri, cha wazee, lakini hakina mahali pa kukaa. Ukifika juu unasimama kwa visigino mpaka miguu inatetemeka.

Awadh na mdogo wake Nasr ndio walioibadilisha. Nasr alikuwa na wazimu wa kunguru. Kunguru wa Maskati walikuwa wakizila tende kabla ya mwenyewe kuzionja, na Nasr alitaka akae juu ya mtende na manati yake, kimya, nusu siku, kunguru wamsahau kabisa kuwa ni mtu. "Kaka, nnataka kiti," alisema. "Kiti juu ya mti. Nikae kama kadhi."

Wakaenda Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, kwenye gereji zinakolazwa gari zilizopata ajali, wakaomba mikanda, ile inayomfunga dereva kifuani. Awadh akaikunja mara tatu, akaishona kwa shazia na uzi wa nailoni uliopakwa nta, mistari mitano kila kiungo, akakitengeneza kiti cha kukalia na mikanda miwili ya kukibeba, kulia na kushoto, ikiungana na habuli. Bizimu lilikuwa la gari pia. Pete ya chuma waliinunua Matrah kwa wauza vitu vya mashua. Kila kiungo alikifunika kwa kipande cha ngozi ili jua lisiule uzi. Nasr akakaa kama kadhi. Kunguru wakalia msiba.

Na Awadh alikuwa na desturi moja, aliyoichukua kwa wakwezi wa Pemba, na hakupata kuivunja: anayeshona ndiye anayeanza. Kamba mpya haikabidhiwi mtu mpaka aliyeishona ameikwea mbele ya macho ya mwenyewe, amefika juu, ameegemea kwa uzito wake wote, ameachia mikono yote miwili na kupiga makofi matatu. Ndipo anashuka na kusema, "Chukua, halali yako."

Yaarub alikuja kuiona ile kamba mwaka wa tisini na tano. Huyu alikuwa mtu wa kuchukua kazi za mabustani ya watu, ana pikapu mbili na vijana sita. Kwao kulikuwa bara, alikulia Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mtu mkubwa wa mwili, mcheshi, mwingi wa pafyumu. Alikunywa kahawa ya Awadh, akala tende za Awadh, akaishika ile kamba akaipima kwa shubiri mbele ya macho yao, akasema, "Nyinyi Wazanzibari mna akili, basi tu wavivu." Wakacheka wote. Akaenda zake, akatengeneza yake.

Mwaka wa tisini na sita, siku ya Jumapili, Yaarub alipungukiwa na mtu, akampitia Nasr kwa kazi ya siku moja. Nasr aliiacha kamba yake nyumbani kwa sababu Yaarub alimwambia, "Usihangaike, vifaa viko." Vifaa vilikuwapo. Mikanda ya gari, ndiyo, lakini viungo havikushonwa. Vilifungwa kwa waya, na juu ya waya akapaka gundi. Hakuna aliyekuwa ameikwea ile kamba. Nasr alikuwa wa kwanza. Mtende ulikuwa mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Alifika juu, akaegemea.

Aliishi siku nne.

Hilo peke yake Awadh angeliweza kulimeza. Watu humeza makubwa kuliko hayo. Lakini siku ya pili ya matanga, wanaume wamekaa mkekani, kahawa inazunguka, Yaarub alitikisa kichwa kwa huruma, akasema maneno manne. "Masikini. Kamba za kakake." Basi. Akanyanyua kikombe chake akanywa. Na ile kamba yenyewe vijana walishaichoma pamoja na makuti makavu jioni ya siku aliyoanguka Nasr, kwa hiyo hapakuwa na cha kuonyesha.

Mahbuba, mke wa Awadh, aliyasikia kutoka upande wa wanawake. Nasr alilelewa mikononi mwake, alikuja kwake mtoto wa miaka tisa, na nguo zake za Idi alizishona yeye. Alisimama mlangoni mbele ya watu wote na buibui lake limemdondoka bega moja, akasema, "Yaarub, mimi sikusamehe. Si hapa wala mbele ya Mungu." Wakamrudisha ndani. Wakasema ni majonzi.

Na neno la Yaarub likatembea. Kwenye nyumba ambazo Awadh alikuwa akiingia bila kubisha, sasa aliambiwa ngoja nje, mwenyewe kalala. Tende za watu zikaivia mitini. Mtu mmoja wa Matrah alimwambia usoni, "Yakhe, ujanja wako wa mikanda umekula nduguyo, unataka umle na nani tena?" Awadh alirudi nyumbani akaitundika kamba yake kwenye msumari nyuma ya mlango na akawa mtu wa kupogoa vichaka.

Miaka mitatu alikaa na kitu hiki tumboni. Ijumaa moja alijikuta anasali bega kwa bega na Yaarub, pafyumu inamwingia puani mpaka kwenye ubongo. Alipofika nyumbani akaisali tena ile sala, kwa kuwa ya kwanza hakumbuki alisoma nini. Alikuwa akitazama shingo ya yule mtu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndipo tisini na tisa, mlango ukabishwa.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Mahbuba aliijua sauti. Alikuwa amekaa baraza ya ndani na kofia yake gotini, maana yeye alikuwa mshonaji kofia, zile za mkono, zenye vitundu vidogovidogo mamia kwa mamia, na mishono yake ilijulikana mpaka Nizwa. Aliichoma sindano kwenye kitambaa, akanyanyuka, akaingia chumbani.

Yaarub aliingia na sahani ya halua. Alizidi kunenepa. Akakaa, akafuta jasho, akauliza khabari za nyumbani, za afya, za mitende, na Awadh akajibu zote njema, njema, alhamdulillahi.

"Kaka Awadh, mimi nimekuja kwa uso wangu. Yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," Awadh alimalizia.

"Ndiyo maneno hayo! Sasa sikiliza. Bibi Mastura, mjane wa yule kadhi, mwenye nyumba kule nyuma karibu na bahari, unamjua?"

"Namjua. Nilimkwelea miaka kumi."

"Mitende yake imekuwa mirefu mno. Amenipa kazi. Lakini vijana wangu wamegoma. Wana kichwa kigumu, hasa yule Mkenya, Ochieng. Anasema hapandi na kamba zangu. Anasema anataka kamba ya Awadh, na hata hiyo bosi aipande kwanza yeye aone."

"Na bosi atakwea?"

"Nitapanda! Mimi siyo mwanamume? Bibi mwenyewe atakuwa kibarazani anatazama." Akacheka, tumbo likacheka naye. "Nishonee moja. Nzuri. Saizi yangu."

Moyo wa Awadh ulikuwa umetulia ajabu.

"Una kilo ngapi, Yaarub?"

"Ah, mambo gani hayo ya kuulizana!"

"Lazima nijue. Nakushonea kwa mwili wako."

"Mia na kumi na mbili. Daktari kanipima juzi, akanigombeza."

"Mia na kumi na mbili," Awadh akasema, polepole, kama mtu anayeshika namba ya nyumba. "Jumamosi itakuwa tayari. Ntaileta mwenyewe. Ntaikwea kwanza, kama desturi."

"Desturi zako!" alisema Yaarub, na akaondoka ameridhika.

Kuanzia siku ile Awadh alifanya kazi kama mtu anayejenga nyumba. Alikwenda Wattaya akachagua mikanda ya lori, mipana. Alishona kiungo cha kulia mistari mitano ya nailoni, kama siku zote. Kiungo cha kushoto, pale mkanda wa kiti unapoingia kwenye habuli, alikiacha cha mwisho. Kisha akaingia chumbani.

"Mahbuba, nigaie uzi wako wa pamba. Ule wa kofia."

"Wa nini?"

"Wa kujaribia tu."

Mahbuba alimpa kidonge cha uzi, lakini hakukiachia mara moja. "Uzi wa kofia hautii mzigo, Awadh."

"Najua."

Asubuhi ya pili yake alitundika vipande viwili vya mkanda kwenye boriti ya uani kama mikanda ya kiti, cha kulia mistari mitano ya nailoni, cha kushoto miwili ya uzi wa pamba, akaanza kuvipa mizigo kwa pamoja. Mfuko mmoja wa mchele, kilo arubaini. Ulikaa. Mifuko miwili, themanini. Uzi ulilia kidogo, lakini ulikaa. Mfuko wa tatu, alipounyanyua tu na kuuachia, mkanda wa kushoto uliachana kwa mlio kama wa kuchana kitambaa dukani, na mchele ukamwagika uani kote.

Mahbuba alitoka na ungo. Akachuchumaa akaanza kuuzoa.

"Miwili inakaa," alisema bila kunyanyua macho. "Mitatu haikai."

"Nnapima mikanda."

"Na wewe ndiye unayekwea kwanza."

"Mimi ni kilo hamsini na sita, mke wangu."

Mahbuba alipeta mchele, akapeperusha vumbi, akarudisha mfukoni kilichorudishika. Awadh alimwona ametua ungo, anakitazama kile kipande cha mkanda kilichochanika kikining'inia boritini, kama mtu anayesoma barua. Naye akafikiri: anajua, na ameridhia. Si alisema mwenyewe, si hapa wala mbele ya Mungu?

Jumatano alikishona kiungo cha kushoto. Mistari miwili, uzi wa pamba. Juu yake akaweka ngozi, akaizungushia mshono mzuri kabisa, mzuri kuliko yote aliyopata kushona, akaitundika kamba kwenye msumari nyuma ya mlango. Alhamisi asubuhi akapanda teksi kwenda Matrah kutafuta pete ya chuma. Aliipata kwa shida, akakutana na mtu, wakanywa chai. Alirudi adhana ya adhuhuri inaadhiniwa. Kamba ilikuwa palepale msumarini. Akaifunga pete. Alipapasa ile ngozi ya kushoto kwa kidole gumba. Ilikuwa imetulia.

Jumamosi, saa moja asubuhi, bustani ya Bibi Mastura ilikuwa imeshajaa joto. Bibi mwenyewe amekaa kibarazani kwenye kiti cha miyaa iliyosukwa, kanga begani, birika ubavuni. Vijana watano wa Yaarub wamechuchumaa kivulini, na wa sita, Ochieng, kasimama na mikono nyuma kama askari.

"Awadh!" Bibi Mastura aliita. "Umenipotea wewe. Miaka mitatu!"

"Nilikuwa nimepotezwa, Bibi."

Alimwelewa. Akatia chai kikombeni.

Awadh akavaa ile kamba. Alikwea kama anavyokwea siku zote, egemea, hatua, jivute, rusha, egemea, na alipofika chini ya mashada ya tende akakaa kitini. Hakuogopa. Themanini inakaa, yeye hamsini na sita. Aliona paa za Azaiba, nyeupe, na kamba za nguo, na upande wa pili milima mikavu. Aliona pia, chini kabisa, upara wa Yaarub ukimetameta. Akaachia mikono. Makofi matatu.

Akashuka. "Chukua," akasema. Neno la halali yako halikumtoka mdomoni, na hakuna aliyeliona limekosekana.

"Bosi, sasa wewe," alisema Ochieng.

"Nyamaza, we! Napanda!"

"Sijasema kitu, bosi. Nimesema tu sasa wewe."

Walimfunga. Bizimu lililia, likakubali. Yaarub akaukumbatia mtende kama mtu aliyekutana na mamake, akaanza kwenda juu, si kwa kuegemea bali kwa kukumbatia, anajikwaruza kifua na magoti, visiki vya makuti vinamchana kanzu yake ya dishdasha. Awadh alikuwa chini anasubiri aegemee. Hakuegemea hata mara moja. Mkanda wa kiti ulikuwa umelegea nyuma yake, unaning'inia, haujabeba hata ratili moja.

"Egemea, bosi! Kamba iko ya nini?" Ochieng alipiga kelele.

Alifika juu kwa kukumbatia. Akatazama chini. Kisha hakusogea tena.

Dakika zilipita. Jua likapanda ukuta. Vijana walianza kucheka chinichini, halafu si chinichini.

"Awadh!" sauti ya Yaarub ilishuka, nyembamba, haikuwa ile ya mwenye pikapu mbili. "Awadh, nashukaje?"

"Ulipandaje?"

"Usinifanyie mzaha! Mikono inakufa ganzi!"

Awadh alichukua ndoo, akaigeuza, akaikalia chini ya mti. Akapangusa uso kwa kilemba. Aliyeko juu mngojee chini, wazee walisema, na yeye alikuwa na ndoo ya kukalia.

"Nna suala moja, Yaarub. Ukinijibu, nakwambia jinsi ya kushuka."

"Uliza! Uliza haraka!"

"Kamba aliyokwelea Nasr aliishona nani?"

Vijana wakaacha kucheka. Bibi Mastura alitua kikombe.

"Awadh, siyo wakati wake!"

"Mimi nna siku nzima. Wewe una jua."

Walisikia pumzi zake kutoka kule juu. Walisikia kunguru. Kidogo tende mbichi ikadondoka, ikapiga tumbo la ndoo.

"Yangu!" Yaarub alipiga ukelele. "Ilikuwa yangu! Haikushonwa! Nilifunga waya!"

"Nani aliikwea mwanzo?"

"Hakuna! Nasr! Nasr alikuwa wa kwanza!"

"Na matangani ulisema ya nani?"

"Yako. Nilisema yako. Nilisema uongo, Awadh, nisamehe, watoto wangu wadogo!"

"Astaghfirullah," alisema Bibi Mastura, taratibu. Akajifunika kanga mpaka mdomoni. Ochieng alivua kofia yake. Alikuwa mgeni wa nchi, Nasr hakumjua, lakini alivua kofia.

Haya. Miaka mitatu Awadh alidhani akiyasikia maneno hayo mbele ya watu kifua chake kitafunguka. Jina lake alilirudishiwa pale pale, Bibi Mastura peke yake alitosha, kufika adhuhuri Azaiba nzima itajua. Alisubiri kifua kifunguke. Kikabaki kama kilivyo. Alimwona Nasr amekaa kama kadhi, manati mkononi, anamkonyeza.

Sasa angeliweza kumwambia: shuka ulivyopanda, kumbatia, telezesha kamba polepole, usiegemee. Angefika chini amechubuka kifua, basi. Awadh alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote katika bustani ile. Alisimama kutoka kwenye ndoo. Akafunua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya upole, ya mwalimu wa chuo cha Kurani na mtoto anayeanza alifu.

"Vema. Sikiliza, Yaarub. Kamba haishuki ukiikumbatia. Kaa kitini. Egemea nyuma, kwa uzito wako wote."

"Naogopa!"

"Mimi si nimekaa? Umeniona. Egemea. Halafu achia mikono, upige makofi matatu, mwili uizoee kamba. Ndiyo desturi. Hapo ndipo utashuka."

"Makofi, bosi!" Vijana wakadakia. "Makofi! Makofi!"

Awadh alirudi nyuma hatua nne. Nne alizihesabu, maana alijua mtu huanguka wapi.

Yaarub akaachia mkono mmoja. Akakaa. Mikanda ikavutika, ikalia, kilo mia na kumi na mbili zote zikaingia kitini. Akaachia mkono wa pili. Akaegemea nyuma kabisa, miguu shinani, mgongo hewani, macho ameyafumba.

Kofi la kwanza.

Kofi la pili.

Kofi la tatu, na kamba ikakaa.

Vijana walishangilia. Yaarub akafumbua macho, akaona yu hai, akaanza kucheka na kulia pamoja, akarukaruka kitini kama mtoto kwenye pembea. Ikakaa. Alishuka egemea kwa egemea, vizuri, kama aliyezaliwa Pemba, akafika chini akamshika Awadh mkono akaubusu mbele ya watu. Awadh aliuacha mkono wake ubusiwe kama kitu cha mtu mwingine.

"Vua kamba," alisema. "Naichukua nyumbani. Kuna mahali nataka kupatazama."

Alitembea kutoka kwa Bibi Mastura mpaka kwake, hakuchukua teksi. Aliingia, akakaa barazani, akachukua kisu, akaichana ngozi ya kushoto.

Mistari yake miwili ya pamba ilikuwapo. Juu yake, kati yake na pembeni yake, ilikuwapo minane mingine, ya nailoni iliyopakwa nta. Mishono midogo, midogo mno, imebanana, kila mmoja sawa na mwenziwe kwa urefu, kama ile inayozunguka vitundu vya kofia. Na ngozi ilikuwa imerudishwa kwa matundu yaleyale ya Jumatano. Shazia kupita mikanda ya lori iliyokunjwa mara tatu: kazi hiyo inataka mkono wa mwanamume na kipande cha ubao cha kusukumia. Awadh akakumbuka kuwa tangu Alhamisi Mahbuba amekuwa akimtilia chai na kitambaa kimezungushwa kidole gumba, naye hakuuliza kidole kimefanyani.

Mahbuba alikuwa amekaa palepale, kofia gotini.

Awadh alimwekea kamba mbele yake, ngozi imefunuliwa. Hakuja kushukuru. Bado alikuwa anausikia ule mshono usioachana, kofi la tatu likimlia masikioni. Wewe uliyesimama mlangoni, alitaka kusema. Wewe uliyemlea. Mwanamke alijua mifuko mitatu haikai. Alijua pia kuwa miwili inakaa, alilisema kwa mdomo wake. Au hakuiamini ile mifuko, akaona mumewe ndiye wa kwanza kuikwea, basi? Au alimwona Yaarub, na watoto wa Yaarub? Au alimwona Awadh amesimama hatua nne nyuma, akamjua kabla hajajijua?

Alimuuliza. Mahbuba aliipitisha sindano, akavuta uzi, akasema, "Chai inapoa."

Kazi zilirudi. Milango ilifunguka, watu walimpigia simu mpaka kutoka Matrah, na Ochieng akawa anakuja kwake Ijumaa kujifunza kushona. Yaarub alikuwa akimwamkia kwa mbali, mkono kifuani, na Awadh alikuwa akiitika kwa kichwa tu. Hakupata kumsamehe, wala hakupata tena kumtazama shingo. Ile kamba hakumpa. Aliitundika nyuma ya mlango, ngozi wazi.

Alimuuliza tena Mahbuba mwaka uliofuata, mvua inanyesha, wamekaa wawili. Alimuuliza mwaka wa elfu mbili na tatu walipotoka kumzuru Nasr makaburini. Alimuuliza hospitali, mwaka wa elfu mbili na nne, na yeye amemshika kile kidole gumba chenye kovu, na Mahbuba akamtazama kwa muda mrefu, macho yake wazi kabisa, akamwambia amsogezee mto. Siku tatu baadaye wakamzika.

Na sasa hivi Awadh akiisha kukwea, akikaa kitini juu ya mtende wa mtu, kabla ya kupiga makofi, huipapasa mikanda ya kushoto kwa kidole, na mdomo wake hucheza. Walioko chini hudhani anasoma dua.

"Mahbuba, ulishona ili nani asianguke?"